Kulabu Mpya, Machomanne

Shaame Faki hakurefusha salamu.
Aliingia chini ya gari kama anayeingia kitandani kwake,
miguu ikabaki nje, kandambili moja buluu, moja kijani,
akagonga chesisi kwa nyundo ndogo, akasikiliza.

Ngee.
Ngee.
Kisha, karibu na kulabu: kho.

"Bi Salha," sauti ikatoka huko kwenye grisi,
"kipande hiki kinakohoa."

Mie nilidhani nimemletea kazi nyepesi:
ng'oa kulabu ya zamani, ile ya kilo mia tatu,
ya masufuria, mkaa na madumu mawili ya maji;
tia nene, yenye gololi kubwa, ya kilo mia nane,
maana mwaka huu nakokota pipa la kukenekea,
na meko yake, na bomba la shaba lililojikunja kama utumbo,
niufuate mchaichai uliko, Kengeja, Ole, Konde,
si mchaichai unifuate mie na kunyauka njiani.

Gari hii ni thumuni yangu.
Marehemu aliacha watoto wa mke mkubwa,
aliacha nyumba, aliacha mikarafuu kumi na minne,
na mie, kwa haki ya Mungu, moja katika nane.
Lakini moja katika nane ya nyumba unailalaje?
Utatandika kizingitini?
Nikataka changu kwa fedha.
Nilitoka eda Jumatatu; Alhamisi nina Hiace,
viti nimeng'oa, godoro nimetia, na jiko la gesi,
na pazia la maua dirisha la nyuma.
Shemeji akasema: Mwanamke kulala garini, kama kuku tengani!
Nikamwambia: Kuku huyu ana leseni.

Shaame akatoka, akajifuta mikono kwa kipande cha kanga
kilichobakiwa na neno moja tu: USINIPIME.
"Kulabu nitakutilia leo, kabla ya adhuhuri.
Itang'aa, utafurahi.
Mteremko wa kwanza itabaki na tela,
nawe utakwenda zako."
Akachukua chaki, akachora sakafuni:
chuma cha mkondo, pande zote mbili, hadi katikati ya gari;
bolti nane, si kuchomelea peke yake;
minyororo miwili ipishane chini;
na breki kwenye tela lenyewe.

"Niambie bei," nikasema, "usiniambie pole."
Akaniambia bei.
Nikakaa juu ya tairi.

Siku tatu nililala palepale gereji,
gari juu ya magogo, imeinama mbele,
ndoto zote zikinimiminikia kisogoni.
Umeme ukija, grenda inapiga kelele; ukikatika, tunakula mihogo.
Kutu ilitoka vigae vigae.
Kigae cha mwisho kilipoanguka
tuliona mwangaza umepita upande wa pili,
mwangaza mwembamba, wa kupitisha kidole,
na juu yake ndipo palipo mto wangu
miaka minne.

Kupanda hakukunitisha. Injini ilinung'unika, ikapanda.
Ni kule kushuka, baada ya Ole,
pipa lilipoacha kuvutwa likaanza kunisukuma,
kilo mia nane zikinipumulia mgongoni,
mguu wangu kwenye breki kama umeota mizizi.
Nikasikia nyuma: ngee.
Sikuomba dua ndefu. Nilihesabu bolti.
Nilifika saba tu. Bondeni nikasimama,
nikashuka na tochi kuitafuta ya nane.
Ilikuwepo.

Kulabu ya zamani Shaame alitaka kuiuza chuma chakavu.
Nikamwambia aipigilie ndani, juu ya kitanda.
"Ya nini?"
Sikumjibu.
Inabeba ufunguo, mtandio,
na ile tochi.